Naombeni muongozo: nataka kuanza kazi ya uinjinia wa data za jenetiki upande wa afya

kijana_wa_takwimu

Wakuu habari zenu. Nimemaliza digrii ya takwimu mwaka jana, Python naijua kiasi, SQL naandika zile za kawaida tu, Linux ndio naijifunza juzi juzi hapa. Sasa nimeona tangazo la kazi ngazi ya kuanzia, wanaita injinia wa data za jenetiki, ni maabara inayopima DNA za wagonjwa na kupeleka majibu kwa madaktari. Nilivyoanza kusoma sifa nikasisimka, nilivyofika mwisho nikaishiwa nguvu: FASTQ, BAM, VCF, Nextflow, Docker, klaudi, faragha ya mgonjwa, afu chini wamemalizia "ufahamu wa baiolojia ya molekuli". Baiolojia mimi niliiacha sekondari, nakumbuka A inakaa na T na C inakaa na G, zaidi ya hapo ni giza.

Wenye uzoefu naombeni mniambie ukweli, mtu wa chini kabisa kwenye hii kazi anashinda akifanya nini? Ni lazima nirudi chuo nikasome masta ya bayoinfomatiki ndio niombe? Na kama nina miezi mitatu minne ya kujifua jioni jioni nishike nini kwanza, maana kila ninayemuuliza ananitajia programu yake, na kuna jamaa kaniambia niache yote nisome AI tu.

Niseme pia kwamba kwangu hii sio ya mshahara peke yake. Mdogo wangu ana selimundu, nimekua nikiona nyumbani watu wanavyosubiri majibu ya vipimo, kwa hiyo natamani kweli kuwa upande ule yanakotoka. Natanguliza shukrani.

fundi_bomba

Karibu sana mkuu. Niko kwenye kazi hii mwaka wa saba sasa na siku hizi nakaa kwenye usaili wa hawa hawa wa kuanzia, kwa hiyo nitakwambia ninachokiona mezani.

Kwanza elewa data inavyotembea, ukishaelewa hilo yale majina yaliyokumaliza nguvu yanajipanga yenyewe. Damu au mate yanafika maabara, wanatoa DNA, mashine inaisoma vipande vipande vifupi, mamilioni kwa mamilioni, mara nyingi kipande kimoja ni herufi 150 hivi. Hivyo vipande ndio FASTQ. Ukilifungua hilo faili ni maandishi ya kawaida kabisa, kila kipande mistari minne: jina lake, herufi zenyewe, alama ya kujumlisha, afu mstari wa nne umejaa alama za ajabu ajabu ambao mgeni anadhani faili limeharibika, kumbe kila alama pale inasema mashine ina uhakika kiasi gani na herufi yake. Q20 maana yake nafasi ya kukosea ni moja katika mia, Q30 moja katika elfu. Baada ya hapo kila kipande kinatafutiwa kilikotoka kwenye jenomu ya rejea, yaani DNA nzima ya mfano tunayolinganishia, yenye herufi kama bilioni 3.1, hapo ndio inazaliwa BAM, au CRAM ambayo ni data ile ile imebanwa zaidi. Kisha programu nyingine inapita nafasi kwa nafasi ikiuliza, hapa huyu mtu anatofautiana na rejea? Jibu linaandikwa kwenye VCF. Mtu akisomwa jenomu nzima anatofautiana na rejea sehemu milioni 4 hadi 5, karibu zote hazina tatizo lolote, kazi ya wataalamu wa tafsiri ni kuchuja mpaka wabaki na chache za kukodolea macho.

Wewe hutafsiri. Wewe kazi yako ni kwamba kile kilichomfikia mtafsiri kiwe ndicho kilichotoka mwilini mwa mgonjwa yule yule, basi, na hiyo ni kazi kubwa kuliko inavyosikika. Asubuhi unaangalia kazi zilizokimbia usiku, ipi imekufa na imekufa kwa nini, diski imejaa, memori imeisha, faili limekatika njiani wakati wa kuhamishwa (ndio maana tunalinganisha md5, namba inayobadilika faili likiguswa hata kidogo, kabla hatujagusa chochote). Unasoma ripoti za ubora. Unaandika skripti ya kuingiza matokeo kwenye hifadhidata. Na unaandika ulichofanya, lini, kwa toleo lipi la programu, maana miaka miwili baadaye daktari anaweza kuuliza jibu hili lilipatikanaje na lazima uweze kulirudia lilivyo.

Sasa nikupe kitu kimoja ambacho kwangu ndio moyo wa hii kazi. Kwenye VCF utakuta 0/0 na utakuta ./. na kwa macho ya haraka zote zinaonekana kama "hamna kitu". Ya kwanza inasema tumesoma hapa vizuri na nakala zake zote mbili ziko sawa na rejea. Ya pili inasema hatukuweza kusoma. Kuna mahali niliwahi kufanya kazi akaja mwenzetu mpya, kijana mzuri tu anayejua kuandika kodi, ametoka kwenye data za mauzo. Kule alizoea penye pengo unajaza sifuri maana siku hiyo hakuna kilichouzwa. Akafanya vile vile kwenye skripti ya kupakia hifadhidata. Skripti ikakimbia safi, hakuna onyo hakuna kosa, majaribio yote yamepita. Ila kila sehemu ambayo mashine ilishindwa kusoma sasa inasomeka "mgonjwa hana badiliko". Aliyeigundua ni mtu mmoja aliyeshangaa mbona sampuli karibu mia hazina hata pengo moja, kwa sababu hiyo haitokei. Tulivyorudi kwenye BAM kuna jeni moja kwa mgonjwa mmoja sehemu nzima ilikuwa imeangukiwa na vipande viwili tu. Viwili, wakati tulitakiwa tuwe na thelathini na kuendelea. Hatujui ikawa imegeuka hakuna, na huyo mtu alikuwa anaelekea kuambiwa yuko salama kwa kitu ambacho hakijapimwa.

Na VCF ya kawaida inaongeza utata maana inaandika tofauti tu, kwa hiyo mstari ukikosekana unaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo mbili, ndio sababu kuna gVCF ambayo inabeba pia taarifa za sehemu zisizo na tofauti. Kwenye usaili hili swali nauliza kila mtu. Anayenijibu "ningeuliza kwanza kwa nini hakuna thamani hapa" namsikiliza, hata kama Docker, ile ya kufungasha programu na vyote inavyohitaji, hajawahi kuigusa.

Masta: kwa nafasi ya kuanzia mimi naona hapana. Zipo maabara zitang'ang'ania karatasi, we omba tu. Baiolojia unayohitaji mwanzoni ni wiki tatu nne za kusoma kwa bidii: jeni, eksoni, kromosomu, nakala mbili za mama na baba, DNA ina nyuzi mbili. Hilo la nyuzi mbili usiliruke.

Na kwa kuwa umetaja selimundu anzia hapo hapo. Inatokana na herufi moja kubadilika kwenye jeni HBB, kromosomu 11, badiliko lenyewe linaitwa rs334. Data za 1000 Genomes, mradi uliosoma DNA za watu wa mataifa mengi, ziko wazi kwa yeyote, watu 2,504 kwenye awamu ya tatu. Itafute rs334 humo, uniambie nani ana nakala moja ya badiliko na nani hana. Usipakue faili zima, bcftools, programu ya kushughulikia VCF, inakata sehemu unayotaka moja kwa moja kutoka kwenye intaneti, laptop yoyote inatosha. Kila hatua iweke kwenye Git, inayotunza historia ya kila badiliko la kazi yako. Namba ya nafasi yake sikupi, kaitafute.

dada_wa_maabara

Mdogo wangu kwanza pole na uuguzi, Mungu amtunze huyo mdogo wako.

Hapo juu kakueleza vizuri ila yeye kaanzia kwenye faili, mimi natokea nyuma ya faili. Nilikuwa mteknolojia wa maabara miaka tisa kabla sijahamia data, na nakwambia kosa baya kuliko yote halipo kwenye kompyuta kabisa. Chupa mbili zimepishana kwenye trei. Basi. Kuanzia hapo kila kitu kinakwenda sawasawa, ubora juu, md5 zinalingana, VCF nzuri inayong'aa, ila ni ya mtu mwingine. Programu haiwezi kujua hilo usipoiuliza. Kwa hiyo tunaiuliza: fomu inasema mwanamke, je, kromosomu Y imesomwa kiasi gani, X je? Ila wanawake wawili wakipishana hapo hutawakamata, ndio maana sehemu makini wanapima pembeni herufi chache kutoka kwenye damu ile ile kwa njia nyingine, afu wanalinganisha na VCF kama alama ya kidole. Ukipata kazi hiyo angalia kama huo ulinganisho upo. Kama haupo uulizie kwa heshima, na usichoke kuulizia.

Kingine ni Excel. Sisemi msiitumie, daktari ataitumia tu, ila wewe usiruhusu namba za sampuli zipite humo zikiwa uchi. Namba 00731 inaingia inatoka 731, na kwenye friji kuna 731 ya mwaka mwingine, hiyo nimeiona kwa macho yangu na ilituchukua siku mbili kuinasua. Na majina ya jeni pia, zilikuwepo jeni zinaitwa MARCH1 na SEPT1, Excel ikiziona inazigeuza tarehe. 2016 kuna watafiti walipekua mafaili yaliyoambatanishwa na makala za jenomu wakakuta karibu moja kwa tano ya makala zenye orodha za jeni kwenye Excel zina makosa ya namna hiyo. Mpaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikaamua kubadilisha majina yenyewe, sasa ni MARCHF1 na SEPTIN1. Fikiria hilo, jeni zimebadilishwa jina kwa sababu ya jedwali la kompyuta!

Ukiajiriwa omba wiki moja ukae maabara. Shika pipeti, vaa glavu, ona mtu anavyobandika lebo mia mbili tangu asubuhi. Utarudi kwenye kodi yako ukiwa mtu mwingine, maana utajua ile safu ya "sampuli_id" imepita kwenye mikono ya nani.

mfumo_imara

Mimi ndio kama huyo jamaa yako, huwa nawaambia watu wasome AI na bado nasema hivyo. DeepVariant ya Google inatafuta mabadiliko kwa kuangalia vipande vilivyopangwa kama vile inaangalia picha, na inafanya vizuri sana. Huko ndiko mambo yanakoelekea, kijana asije akajifungia kwenye kuhamisha mafaili maisha yake yote.

fundi_bomba

Mkuu mfumo_imara sikupingi, DeepVariant tunaitumia hata sisi. Ila angalia inakula nini: BAM. Aliyeipangia rejea sio, au aliyechanganya sampuli, DeepVariant itamjibu kwa kujiamini kabisa. Mtu wa kuanzia hapewi kutengeneza modeli, anapewa kuilisha, na kuilisha vizuri kunachukua mwaka kukuzoea. AI aisome mwaka wa pili akiwa tayari anajua data mbaya ina sura gani.

mlinzi_wa_faili

Naongeza la faragha maana kwenye tangazo lipo na watu wanalipita haraka kama vile ni la wanasheria.

Nywila ikivuja unabadilisha. Jenomu ikivuja huibadilishi, na sio yako peke yako, inamsema na kaka yako na mtoto wako ambao hawakuweka saini popote. Kufuta jina kwenye faili hakutoshi. 2013 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Science, walichukua data za DNA ambazo hazina majina, wakasoma alama za kromosomu Y, wakazilinganisha na tovuti za ukoo zilizo wazi wakapata majina ya familia, wakaongeza umri na jimbo wakawafikia watu wenyewe. Hakuna mfumo uliodukuliwa hapo, ni data za wazi tu zimewekwa pamoja. Ndio maana sheria ya Ulaya ya GDPR iliyoanza kutumika 2018 inazitaja data za jenetiki kwa jina kwenye kundi la data nyeti.

Kwa mtu mpya hii ina maana za kawaida kabisa. Huweki faili la mgonjwa kwenye laptop yako "nijaribu mara moja tu". Hunakili kosa la programu ukalibandika kwenye gumzo la kazini wakati ndani yake kuna njia ya faili lenye jina la mgonjwa. Hili la pili nililifanya mimi wiki yangu ya tatu kazini, nilikuwa naomba msaada kwa nia njema tu, na nilikaa na yule mkuu wangu kuandika taarifa ya tukio mpaka usiku. Tangu siku hiyo mafaili yangu yote yana namba zisizo na maana nje ya mfumo na majina yako sehemu nyingine yenye ufunguo wake. Kwa mazoezi tumia data za wazi tu, 1000 Genomes au zile za Genome in a Bottle za NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, hizo za mwisho zina na majibu ya kulinganishia kwa hiyo unajua kama paipulaini yako, yaani mnyororo wako wa programu, inasema kweli.

kijana_wa_takwimu

Wakuu nashukuru sana, dada asante kwa dua. Nilipotea kidogo, nilikuwa na lile zoezi la rs334 na limenikalisha siku tano.

Nilitafuta nafasi nikapata chr11:5227002, yaani kromosomu 11, herufi ya 5227002. Nikaipa bcftools na faili la 1000 Genomes awamu ya tatu, ikanirudishia vichwa vya juu tu, chini tupu kabisa. Nikahisi labda faili halina. Nikafungua nikakuta kromosomu wameiandika 11 sio chr11, nikatoa "chr", nikarudia, rs334 bado haipo. Hapo kusema kweli nilishaanza kuandika kwenye maelezo yangu kwamba badiliko halipo kwa watu wote 2,504, nimeshaandika nusu ya sentensi, ndio nikakumbuka ya nukta na sifuri. Hatujui sio hakuna. Nikarudi kusoma vile vichwa mstari kwa mstari, kuna mstari unataja rejea, hs37d5, nikaenda kuuliza hiyo ni nini nikakuta ni ya ukoo wa GRCh37, toleo la jenomu ya rejea lililotoka 2009, na namba yangu ilikuwa ya toleo la GRCh38 la 2013. Kwenye GRCh37 ni 5248232. Nikaweka hiyo. Ikatokea rs334!

Sasa maswali mawili. Kila kitabu kinasema A inakuwa T, GAG inakuwa GTG, lakini kwenye faili ni T inakuwa A. Nimekosea tena? Na kwa nini wameandika 0|1, yaani nakala moja ya kawaida na moja yenye badiliko, kwa mstari uliosimama badala ya mkwaju kama ulivyosema?

Wapo wengi wenye 0|1. Nilipoiona ya kwanza nilinyamaza kidogo, maana baba na mama hawaumwi chochote lakini kila mmoja wao angeandikwa hivyo hivyo.

fundi_bomba

Hujakosea. DNA nyuzi mbili, ndio lile nililosema usiliruke. VCF siku zote inaandika uzi wa rejea, HBB inasomwa kwenye uzi wa upande wa pili, kwa hiyo A ya kitabu ni T ya faili na T ya kitabu ni A ya faili, badiliko ni lile lile. Kwenye ripoti ya daktari utalikuta kama c.20A>T, kwenye VCF T kwenda A, na siku moja utaombwa uandike skripti ya kuunganisha hizo mbili, wengi wanaharibikiwa hapo hapo.

Mstari uliosimama maana yake wamepanga herufi ipi iko kwenye nakala ipi kati ya zile mbili za kromosomu, moja ya baba moja ya mama. Mkwaju unasema tu zipo mbili, ipi iko wapi hatujapanga.

Ile nusu sentensi uliyoiandika ukaifuta, irudishe kwenye Git na tarehe yake na ueleze ulivyogundua, GRCh37 na kila kitu. Ukiitwa usaili fungua hapo kwanza kabla ya cheti. Tangazo linafungwa lini?

kijana_wa_takwimu

Ijumaa ijayo. Nimeirudisha sasa hivi, naanza barua ya maombi leo usiku.

dada_wa_maabara

Kwenye barua taja na ile wiki ya kukaa maabara, omba mapema. Na ukishaandika niletee ujumbe wa pembeni niisome kabla hujaituma.